Tanuri la kale: lipime sumaku kabla hujaweka jembe

Anza na jaribio dogo la nyumbani. Chukua tofali moja la kuchoma, yale mekundu ya tanuru la kijijini, nenda nalo mbali kidogo na mabati, magari na vitanda vya chuma, alafu kwenye simu yako washa programu inayosoma sensa ya sumaku, mi natumia phyphox ambayo ni ya bure. Simu ikiwa imelala chini kwa utulivu utaona kama maikrotesla 33 hivi ukiwa Tanzania, hiyo ndo nguvu ya uga wa sumaku wa dunia hapo ulipo. Sasa usiiguse simu kabisa, sogeza tofali mpaka likaribie ile pembe yenye sensa, soma namba, kisha ligeuze tofali upande wa chini uje juu na uliweke pale pale, soma tena. Namba itacheza, mara nyingi maikrotesla moja au mbili, na ukirudisha tofali kama lilivyokuwa namba nayo inarudi. Rudia na tofali bichi la udongo ule ule ambalo halijaona moto, hapo karibu hamna kitu.

Tofali lile ni sumaku, dhaifu lakini sumaku kweli, na kilichoifanya ni moto. Udongo una chembechembe za madini ya chuma, hasa magnetaiti na hematiti, ukiupasha moto zile chembe zinapoteza usumaku wake zikifika kiwango fulani, magnetaiti kwenye nyuzi 580 hivi za Selsiasi na hematiti karibu 675, kiwango hicho kinaitwa nukta ya Curie kwa jina la Pierre Curie aliyechapisha kazi yake mwaka 1895. Moto ukizimika na udongo ukaanza kupoa, usumaku wa zile chembe unarudi huku ukifuata uga wa dunia wa siku ile mahali pale, na unabaki hivyo hata miaka 2,000 ipite, mpaka aje mtu aziunguze tena. Kwa hiyo tanuri la kale ni dira iliyoganda. Limetunza kaskazini ya sumaku ya siku ya moto wake wa mwisho, limetunza jinsi uga ulivyoinama, na limetunza nguvu ya uga. Vitu vitatu. Na viwili vya kwanza vinapotea palepale unaponyanyua kipande cha ukuta bila kukiwekea alama ya kaskazini na usawa, hakuna maabara duniani itakayovirudisha. Nshaona mifuko mingi sana imeandikwa "ukuta wa tanuri" na ndani kuna mabonge mazuri, yameungua safi, ila hayawezi tena kusema lolote kuhusu upande. Nguvu bado inaweza kupimwa kwenye bonge la namna hiyo, hata kwenye kigae cha chungu, lakini upande umeshaondoka.

Nitatumia zaidi matanuri ya kuyeyushia chuma ya Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, kama mfano, kwasababu huko ndiko nilikojifunzia na kwasababu ni ya zamani kwelikweli, sehemu kama Katuruka na Kemondo yapo yenye umri unaozidi miaka 1,500. Mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt alifanya kazi huko miaka mingi, na miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliojua kazi hiyo walijenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti, matokeo yakachapishwa mwaka 1978. Jinsi walivyojenga inahusu sana vipimo vyetu: shimo la duara la kama mita moja, linasilibwa kwa udongo wa kichuguu, matete yanachomwa ndani ya shimo, juu unasimama mnara wa udongo, na mabomba ya udongo ya mivukuto yanaingia mpaka ndani ya moto. Mnara huwa unavunjwa au unaanguka wenyewe, kinachobaki chini ya ardhi ni lile shimo lenye kuta zilizoiva, vipande vya mabomba, na mavi ya chuma, yaani taka inayoganda chuma kikiyeyushwa, yakiwa na alama za matete yaliyochapwa humo. Chote hicho kinapiga kelele ya sumaku.

Pwani mambo ni mengine. Tanuu la chokaa la mawe ya matumbawe halina ukuta wa kudumu, ni rundo la magogo na mawe, na matumbawe yenyewe hayana sumaku ya maana, ila ardhi chini ya rundo inaiva na kuwa nyekundu, na kwakuwa mchanga wa pwani yenyewe uko kimya hata alama ndogo inaonekana. Ndo maana vipimo vya sumaku vilivyofanyika Songo Mnara na Unguja Ukuu vilitoa picha zinazosomeka vizuri. Vyungu vyetu navyo vingi vilichomwa uwanjani kwa kuni na nyasi, sio kwenye tanuri, kwaiyo usitegemee duara zuri la ukuta, tegemea doa la udongo ulioiva sentimita chache tu kwenda chini.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kifaa chochote kuna ruhusa. Tanzania unahitaji leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Kenya kuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006. Kupima juu ya ardhi hakuharibu kitu lakini hata hivyo usiingie bila mwenye shamba na wazee kujua, na wala sio adabu tu, wazee ndo wanaojua wapi jembe linagonga mavi ya chuma na wapi watoto waliokota mabomba ya udongo. Mi nikifika mahali papya siku ya kwanza huwa sifungui hata sanduku la kifaa, natembea na mzee mmoja na sumaku ndogo iliyofungwa kwenye uzi. Ukiipitisha juu ya bonge jeusi zito unaona inavutwa au haivutwi. Mavi ya chuma kwa kiasi kikubwa ni madini yanayoitwa fayalaiti ambayo sumaku haiyashiki sana, ila ndani yake kuna vitone vya chuma na magnetaiti, kwaiyo bonge moja linaruka mpaka kwenye sumaku na lingine la rundo hilo hilo linatikisa uzi kidogo tu. Usitupe lile lisilovutwa.

Kifaa cha kupimia eneo ni magnetometa. Zipo zinazosoma nguvu yote ya uga kwa sensa moja, na zipo gradiomita zenye sensa mbili moja juu ya nyingine, zinatoa tofauti kati ya ya chini na ya juu. Kwa anayeanza nashauri gradiomita, kama ile Bartington Grad601 ambayo sensa zake zimeachana mita moja, kwasababu uga wa dunia wenyewe haukai kimya, kutwa nzima unapanda na kushuka kwa makumi ya nanotesla, zaidi karibu na mchana, na ukiwa na sensa moja lazima uwe na nyingine imesimama pembeni inarekodi mabadiliko hayo ili uyatoe baadaye. Gradiomita inayafuta yenyewe. Nanotesla ni sehemu moja ya elfu ya ile maikrotesla ya kwenye simu, kwaiyo uga wa Tanzania ni kama nanotesla 33,000, na kitu unachotafuta kinaweza kuwa nanotesla 5 tu juu ya hizo. Simu haifiki huko, usijidanganye, simu ni ya kufundishia na ya kukagua bonge ukiwa umelishika mkononi.

Mvae ipasavyo. Anayebeba kifaa asiwe na simu, funguo, mkanda wenye chuma, buti za chuma cha vidoleni, sidiria yenye waya, hata zipu kubwa ya suruali. Mjaribu hivi, kifaa kisimame juu ya kigingi cha mbao, mwenzako akizunguke akiwa amevaa kama atakavyofanya kazi, namba ikicheza zaidi ya nanotesla moja mtafute chuma kilipo mpaka mkipate. Siku moja tulihangaika asubuhi nzima kumbe ni kipini cha chuma kwenye kofia.

Eneo mnaligawa miraba ya mita 20 kwa 20, vigingi ni vya mbao au plastiki, kamba za nailoni, na pembe mzifunge kwenye GPS au kwenye alama za kudumu ili mwaka ujao mje mpapate tena mahali palepale. Kwa mashimo na kuta watu wengi hupita kila mita moja, kwa matanuri usifanye hivyo. Tanuri la mita moja kwa upana linaweza kukaa katikati ya mistari miwili ukaliona kama doa bovu tu, pita kila nusu mita na usome kila robo mita au pungufu. Kwenye rweya, yale majani ya wazi kati ya vijiji vya Kihaya, hiyo ni kazi rahisi, mkishafyeka mnatembea kama mko uwanja wa mpira. Ndani ya kibanja chenye migomba ni shughuli nyingine kabisa, mgomba uko kwenye mstari, unauzunguka, hatua zinapotea, basi hapo acha kusoma kwa mwendo, simama kila alama ya kamba na ubonyeze mwenyewe, mraba mmoja utakula nusu siku lakini utakuwa wa kweli. Anza mapema, jua likishakuwa kali sensa nazo zinapata joto na sifuri yake inahama, kila baada ya mraba mmoja au miwili rudi sehemu ile ile tulivu uweke sifuri upya.

Picha ikitoka kwenye kompyuta ndo watu wanapopotea, na wengi wanapotea kwasababu wanafananisha na picha za Ulaya. Huko mbinu hii ndiko ilikoanzia kutumika kwa matanuri: Machi 1958 Martin Aitken na wenzake wa Oxford walipita na magnetometa ya protoni Water Newton, karibu na mji wa Kirumi wa Durobrivae, kabla barabara kuu haijapanuliwa, wakachimba penye alama kali na wakakuta tanuri la vyungu la Kirumi. Kule uga unaingia ardhini kwa mwinamo mkali, kwaiyo tanuri linaonekana kama kilele kikubwa cha juu na kivuli kidogo cha chini upande wa kaskazini. Sisi tuko kusini ya ikweta ya sumaku, ule mstari ambapo uga umelala sawa na ardhi, Kenya nzima na Tanzania nzima, na uga wetu haujainama sana, kwa Tanzania ni nyuzi 20 mpaka 40 hivi, tena ncha ya kaskazini ya sindano inanyanyuka juu badala ya kuzama. Kwenye magnetometa ya nguvu yote tanuri la huku litakupa jozi, kilele upande wa kaskazini na bonde upande wa kusini, na vyote viwili vina uzito. Mahali pa kufungua sio kwenye kilele. Tanuri lipo kati ya viwili hivyo, na ukiwa kaskazini kama Kagera linaegemea upande wa bonde. Na umbali kati ya ncha ya kilele na chini ya bonde unakaribiana na kina kutoka kwenye sensa mpaka katikati ya kitu chenyewe, toa urefu wa sensa kutoka ardhini, unapata makadirio ya kina kabla hujapoteza hata tone la jasho. Ni makadirio tu, kitu kikiwa kirefu au viwili vikiwa karibu yanaharibika.

Ukubwa wa namba nao unasema. Shimo la takataka au la nguzo ni nanotesla chache. Tanuri lililoiva vizuri ni makumi mpaka mamia. Bonge kubwa la mavi ya chuma linaweza kupita elfu. Chuma cha kisasa, jembe lililovunjika, kipande cha bati, kinapita elfu vilevile ila chenyewe ni chembamba, kinajitokeza kwenye msomo mmoja au miwili tu alafu kinaisha, na jozi yake inaelekea upande wowote ule inapotaka wakati tanuri lililokaa pale lilipopoa jozi yake imejipanga karibu na kaskazini na kusini. Rundo la mavi ya chuma lililotupwa halina mpangilio, kila bonge limelala kivyake, unaona vurugu ya vilele na mabonde vidogovidogo.

Alafu kuna radi, na hili nalisisitiza kwasababu eneo la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani. Radi ikipiga ardhi umeme wake unasumakisha udongo na mawe kwa nguvu kubwa, kwenye picha unaona mstari mkali wenye pande mbili, mmoja juu mmoja chini, au nyota yenye miguu inayotawanyika kutoka katikati. Nimewahi kuwa kwenye timu iliyofungua shimo la mita mbili kwa mbili juu ya "tanuri" la namna hiyo, siku mbili, tukakuta udongo mwekundu mtupu wa kawaida. Ukiona miguu, acha. Mawe ya volkano nayo ni tatizo, ukiwa miguuni mwa Kilimanjaro basalti yenyewe ina usumaku wa kufunika tanuri lolote, huko tegemea zaidi macho, wazee na kipimo kinachofuata.

Kipimo kinachofuata ni cha karibu, ukishafungua. Kinaitwa saseptibiliti, yaani udongo una wepesi gani wa kushikwa na sumaku sasa hivi ukiwekewa uga, tofauti na ule usumaku ulioganda tangu zamani. Kuna vifaa vya kushika mkononi vya ukubwa wa kitabu, unakibandika ukutani kinatoa namba. Eugène Le Borgne wa Ufaransa alieleza kwenye kazi zake za 1955 na 1960 kwamba udongo wa juu, na zaidi ule ulioonja moto, madini yake dhaifu yanabadilika kuwa magnetaiti na ndugu yake maghemaiti, ndo maana jiko la zamani linaonekana kwa kipimo hata kama rangi imeshafifia. Pale tanuri lilipokatwa vizuri kwa mwiko ukaona ukuta umesimama, chora mstari wa mlalo kutoka ndani ya tanuri kwenda kwenye udongo wa asili na upime kila sentimita mbili. Utaona kwa macho kwanza: ndani kabisa kijivu cheusi kama jiwe la kinu, kimeyeyuka kidogo, kina ugumu wa kioo, pale hewa ilikuwa haba, kisha chungwa, kisha nyekundu, kisha rangi ya kahawia inayorudi taratibu kwenye udongo wa shamba. Namba mara nyingi inapanda kwenye kijivu, inaanza kushuka kwenye chungwa na nyekundu, na inafika ya shamba. Fanya mistari minne, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Upande ambao uivaji umeingia ndani zaidi ndo upande uliopata moto zaidi, na hapo mara nyingi utajua mivukuto ilikaa wapi hata kama bomba lenyewe halipo tena.

Sasa sampuli. Hapa ndo pa kuwa na subira ya mfumaji wa mikeka. Unataka vipande visivyopungua 8, mi napenda 12 au 15, vimetoka pande zote za ukuta na sakafuni pia, sio vyote upande mmoja, kwasababu tanuri lenye usumaku mwingi linapinda uga wake lenyewe linapopoa, sakafu inatoa mwinamo tofauti kidogo na ukuta, ukichukua sehemu moja tu kosa hilo linaingia kwenye jibu lako bila kujijua. Chagua palipo pagumu, pasipo na ufa, pasipoingiliwa na mzizi. Usikitoe. Kichonge pembeni kibaki kama kinara cha ukubwa wa ngumi kikiwa bado kimeshikana na ukuta chini. Koroga plasta, ule unga mweupe wa kufungia mkono uliovunjika, iwe nzito kama uji wa mtoto, imwage juu ya kinara, alafu kandamiza kipande cha plastiki bapa juu yake na pimamaji ya fundi juu ya plastiki, irekebishe pande zote mbili mpaka kipovu kitulie katikati. Subiri ikauke kabisa. Ukiondoa plastiki una uso mweupe ulio sawa na maji, na juu yake ndo unachora mshale.

Mshale wa kaskazini usiuchore kwa dira peke yake. Dira iko juu ya sumaku, tanuri linaivuta, inaweza kukosea nyuzi kadhaa na kila sampuli ikakosea kivyake. Tumia jua: simamisha msumari mwembamba wa shaba au kijiti kilichonyooka wima juu ya plasta, chora kivuli chake, na andika saa mpaka dakika, kompyuta itajua jua lilikuwa upande gani dakika hiyo kwa mahali hapo. Fanya kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa tisa na nusu alasiri, katikati hapo kivuli kinakuwa kifupi mno huku kwetu. Na Bukoba jua linafika juu karibu na saa saba kasoro, sio saa sita, kwasababu saa tunayotumia ni ya nchi za mashariki zaidi.

Na saa iandikwe kwa mfumo wa saa 24, kila mtu kwenye timu, bila ubishi. Hili limeniuma mwenyewe. Kuna tanuri moja tulilifanyia kazi siku mbili, sampuli 12, mi nikiandika kwa saa zetu na mwenzangu akiandika kwa saa za Kizungu, kwenye daftari moja. Nimeandika "3:20" nikimaanisha saa tatu na dakika ishirini asubuhi, yeye kaandika "3:40" akimaanisha saa tisa na dakika arobaini alasiri. Tulipofika kwenye hesabu miezi mitano baadaye nusu ya sampuli zilikuwa zinaangalia upande ambao uga wa dunia haujawahi kuangalia, na hatukuweza kukumbuka nani aliandika ipi maana miandiko yetu inafanana. Kilichotusaidia ni picha za simu, kwenye picha kivuli kipo na saa ya picha ipo, tukarudisha saba. Tano hazikuwa na picha. Tanuri lilishafukiwa na zile sehemu tulishazikata, zile tano zimekwenda. Tangu siku hiyo kila sampuli inapigwa picha mbili, moja kutoka juu ikionyesha kivuli na namba ya sampuli, moja kutoka pembeni ikionyesha imetoka wapi ukutani, na kifuniko cha daftari kimeandikwa kwa kalamu nene SAA 24.

Ndo sasa unaikata chini kwa msumeno au patasi, unaigeuza taratibu, unaiziba chini na plasta, unaifunga kwa karatasi za chooni na plastiki. Iweke mbali na spika, sumaku na injini ya gari.

Maabara wanafanya nini? Wanakata vipande vidogo na kupima usumaku wake kwenye magnetometa ya kuzungusha, kisha wanaufuta kidogokidogo, kwa uga unaobadilikabadilika au kwa joto, nyuzi 100, 150, 200, mpaka 600 au 700, na kila hatua wanapima tena. Hatua hizo za joto ndo zinazosimulia maisha ya tanuri. Ukuta ulioungua kupita 580 na kupoa kwa utulivu unaonyesha mstari mmoja ulionyooka mpaka mwisho. Kipande ambacho chini ya nyuzi 350 kina upande mmoja na juu ya hapo kina upande mwingine kinakwambia kiliungua sana mahali pengine, kikahamishwa, alafu kikapashwa moto tena mpaka 350 tu, labda kilitumika kama figa jikoni, labda ni ukuta wa tanuri la zamani uliotumika kujengea jipya. Oveni ya mkate ya Kirumi haihitaji joto la kuyeyusha chuma, kwaiyo tabaka lake la ndani linaweza kuwa limefuta kumbukumbu zote na la nyuma lina kumbukumbu mbili, na pale zinapogawanyika unapata joto lililofika kwenye kina hicho. Mabonge yakiangalia pande kumi tofauti, ukuta ulianguka baada ya kupoa. Yote yakiangalia upande mmoja, unagusa tanuri pale pale alipoliacha mhunzi.

Wastani wa pande hizo unahesabiwa kwa takwimu za Ronald Fisher za mwaka 1953, na unapewa duara la mashaka, likiwa chini ya nyuzi tatu au nne hiyo ni kazi safi. Na hapa kuna matumizi ambayo hayahitaji hata tarehe, mkiwa na matanuri mawili kwenye kilima kimoja na pande zake zinatofautiana waziwazi nje ya maduara hayo, hayakuzimwa wakati mmoja. Zikilingana inawezekana yalizimwa pamoja, ila uga huwa unapita sehemu ile ile zaidi ya mara moja kwa karne nyingi, kwaiyo usikimbilie kusema yalikuwa ya ukoo mmoja.

Kwa nguvu ya uga wanatumia njia iliyotokana na Émile na Odette Thellier wa Ufaransa, waliyoieleza kwa kirefu mwaka 1959, sampuli inapashwa na kupozwa mara mbilimbili ndani ya uga unaojulikana na kulinganishwa na ilichopoteza. Ni kazi ndefu, sampuli nyingi zinafeli, peleka nyingi.

Tarehe ndo swali la kila mtu na jibu linategemea uko wapi. Uingereza, Ufaransa na Bulgaria wana mchoro wa jinsi uga ulivyotembea karne kwa karne, unaweka namba zako juu yake unasoma kipindi. Afrika Mashariki tunategemea zaidi mifano ya hesabu ya uga wa dunia nzima iliyojengwa na data nyingi za Ulaya na chache sana za kwetu, kwaiyo tarehe ya sumaku peke yake usiitangaze. Chukua mkaa, hasa matete yaliyoungua shimoni kwasababu tete halina miaka mingi kama gogo la mti mkubwa, likapimwe umri kwa radiokaboni. Mkaa ukitoa tarehe, tanuri lako linageuka, badala ya kuomba tarehe linatoa, linakuwa nukta moja kwenye mchoro wetu wenyewe.

Na nukta hizo zinatakiwa kweli. Mwaka 2015 timu ya John Tarduno wa Chuo Kikuu cha Rochester, wakiwemo Thomas Huffman wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand na Michael Watkeys wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, vyote vya Afrika Kusini, ilichapisha vipimo vya udongo wa nyumba na vihenge vilivyoungua bonde la Limpopo kati ya miaka ya 1000 na 1600, wakulima wa Enzi ya Chuma, na kutokana na sakafu hizo wakaonyesha uga wa kusini mwa Afrika umewahi kudhoofika kabla ya udhaifu tunaouona leo kusini mwa Atlantiki, ule unaosumbua satelaiti. Sakafu za nyumba zilizoungua zimefanya hivyo. Kati ya Limpopo na Kagera kuna matanuri ya chuma sehemu nyingi, Pare, Ufipa, Malawi, na mengi yanakatwa na barabara na misingi ya nyumba kila mwaka.

Kama unafungua tanuri msimu huu na huna pesa ya maabara, chukua sampuli hivyohivyo. Plasta, pimamaji, kijiti na simu ya kupigia picha vinapatikana duka lolote la wilayani. Ukishamaliza acha nusu ya ukuta haijaguswa, ifunike na mchanga safi kisha udongo, weka vipimo vya mahali ilipo kwenye ripoti ya Mambo ya Kale, na zile sampuli kila moja iwe na mshale wake, namba yake, picha zake mbili na saa. Zikikaa kabatini mbali na spika zinaweza kusubiri miaka ishirini na bado zikajua kaskazini yake iko wapi.